Kitenge cha Mpunga kwenye Gari la Baba Mkwe

Mimi naogopa vitu vichache. Nyoka siogopi, nimekulia nao kwenye mawe ya Iringa. Radi siogopi. Mdomo wa mtu ndio siogopi kabisa, kwa sababu wa kwangu ni mkali zaidi. Lakini baba mkwe nilimwogopa tangu nilipoolewa, na mpaka leo nikisikia kikohozi kifupi nyuma yangu naanza kutafuta mlango ulipo.

Si kwamba aliwahi kunifanyia ubaya. Hakuwahi kunifanyia lolote, maana hatukuwa tunaongea. Nimeolewa Mbeya, kwa Wanyakyusa, na kwa mila yao mke wa mtoto na baba mkwe hawakaribiani. Hamtazamani usoni, hamsemeshani, hampeani kitu mkononi. Siku hizi wengi wameiacha mila hiyo, wanasalimiana kanisani kama kawaida. Mzee wangu hakuiacha. Akipita uani, mimi nachepuka. Akiwa na neno na mimi, anamwambia mama mkwe, naye ananiletea. Kwa mtu wa maneno mengi kama mimi ilikuwa adhabu, nasema kweli.

Kwa hiyo nilimjua kwa kumchungulia dirisha la jikoni, hasa Jumamosi, alipokuwa akiosha gari lake. Lilikuwa gari jeusi, la zamani, lakini kwenye rangi yake ungeweza kujitazama ukafunga kilemba. Kuosha haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kukausha. Kwanza alilimwagia maji safi kuanzia juu, polepole, yashuke na vumbi lililobaki. Kisha akachukua taulo laini, lililokuwa na kamba yake peke yake ya kuanikia, akalitandaza juu ya boneti na kulivuta kuelekea kwake mara moja, bila kukandamiza. Hakusugua, hakuzungusha mkono. Taulo likidondoka chini, siku hiyo halikugusa gari tena. Mimi na mwiko wangu nilikuwa nacheka peke yangu. Nikasema moyoni, huyu anafuta gari au anafuta mtoto mchanga?

Mume wangu hakuruhusiwa kuligusa. Miaka sita nyuma aliingiza pikapu ya baba yake mtaroni, na tangu siku hiyo mzee hakumpa tena funguo za chochote. Ilimuuma. Mtu mzima, ana mke, na nyumbani kwao bado ni yule wa mtaroni.

Halafu ikaja harusi ya wifi yangu. Mchele wa shughuli ulitakiwa kutoka Ubaruku, kwenye mashamba ya mpunga, na mzee akamwita mwanawe, akamwekea kiganjani funguo za lile gari jeusi. Mume wangu alikuja kunionyesha zile funguo kama mtoto aliyefaulu mtihani. Tulikwenda wote. Njia nzima aliendesha kwa mikono miwili, na redio alikataa kuwasha.

Mashineni, wanakokoboa mpunga, palikuwa na vumbi la pumba mpaka unakohoa. Nilijitanda kitenge kichwani, kisha wakati wa kupakia nikakitandaza juu ya magunia. Tulirudi nyumbani saa saba mchana, zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya harusi. Mume wangu akashusha mchele, akapanda bodaboda kwenda kuulizia viti na maturubai. Mzee alikuwa kwenye kikao cha wazee wa kanisa mpaka saa kumi. Gari limesimama uani, limepauka kwa vumbi.

Nikaona nafasi yangu ni hapo hapo. Nilitaka mzee akute linang'aa, aseme, kumbe mwanangu amekua. Na nikiri tu, nilitaka pia ajue kuwa huyu Mhehe waliyemwoa si mvivu.

Kuosha niliosha vizuri. Taulo lake sikuthubutu kuligusa, hata kamba yake niliizunguka. Nikachukua kile kitenge, kimelainika kwa kufuliwa, nikakikung'uta mara mbili na kuridhika. Sisi wa upande wa Tosamaganga, kule Iringa, ni watu wa mahindi. Pumba ninazozijua mimi ni laini, unampa kuku. Jua lilikuwa kali, nikaogopa maji yasije yakakaukia pale na kuacha madoa, nikaharakisha. Nikasugua, tena kwa kuzungusha mkono, kama ninavyong'arisha meza. Na nilikuwa naimba.

Nilipomaliza nikarudi nyuma nitazame kazi yangu. Boneti nzima ilikuwa imejaa mikwaruzo, miduara juu ya miduara, kila mahali mkono wangu ulipopita. Nikageuza kitenge. Maganda ya mpunga yalikuwa yamenasa kwenye nyuzi, magumu, yenye ncha. Nilikaa chini pale pale kwenye maji.

Mama mkwe alitoka, akapitisha kidole juu ya boneti. "Mwanangu," akasema, "pumba za mpunga watu wanasugulia sufuria."

"Mama, niokoe."

"Nitamwambia mimi, lakini harusi ipite kwanza."

Mume wangu alirudi kabla ya baba yake. Alilitazama gari, akanitazama mimi nilivyolowa, akachukua kile kitenge mkononi mwangu akakikunja. Afadhali angenifokea.

"Nitasema ni mimi," akasema. "Wewe hata kukuuliza hawezi."

"Hatakupa tena."

"Najua."

Saa kumi nikasikia kikohozi getini. Nilijibanza nyuma ya mlango wa jikoni.

"Nani amelikausha hili gari?"

"Mimi, baba."

Kisha mzee akasema, bila kupaza sauti, "Lete funguo. Usiliguse tena mpaka siku mnanizika."

Mume wangu akampa, kisha akapita jikoni kwenda chumbani. Hakunitazama. Ule uso ndio ulionitoa nyuma ya mlango, si ushujaa. Ushujaa sikuwa nao hata kidogo. Nilijifunika khanga kichwani, nikatoka uani, nikasimama nimempa mzee mgongo, macho kwenye ndoo.

"Baba," nikasema, na hilo neno hakuwahi kulisikia kwangu. "Ni mimi. Nilikausha kwa kitenge kilichofunika mchele. Mwanao hata hakuwepo. Amebeba kosa langu kwa sababu mimi siruhusiwi kukuambia."

Nikawaza, basi, gari nimeliharibu na mila nimevunja, na harusi ni keshokutwa. Wataita wazee, nitarudishwa Iringa na mabegi yangu. Nilikuwa naanza kulia na nilijikaza nisitoe sauti.

Akakohoa. Hatua zikaja, karibu yangu kuliko siku zote, zikasimama kando ya gari. Sikugeuka. Nikasikia chuma juu ya bati. Alikuwa ameweka funguo kwenye boneti, kwa vile mkononi hawezi kunipa. Zikateleza kidogo, zikakwaruza rangi. Tulisikia wote wawili.

"Mpelekee mumeo," akasema.

Hatua zake zikaenda ndani, na hazikusimama kuukagua ule mkwaruzo.