Mshale Usio na Mwenyewe

Baba alipozikwa kibanjani, katika shamba letu la migomba Kaagya, wazee wa ukoo walinikalisha mbele ya watu wakanitangaza kuwa omusika, mrithi wa nyumba na migomba. Nilikuwa nimetoka visiwani Muleba, kwenye dagaa, na begi la siku tatu. Kabla ya hapo nilipiga tofali, nilibeba mizigo bandarini, nilikaa kwa fundi redio. Shule niliiacha darasa la sita. Hakuna aliyeniambia kwamba mrithi haondoki akamwacha mama peke yake, walinitazama tu. Huu ni mwaka wa pili, na begi bado linaning'inia msumarini.

Kazi iliyonitoa nje ya kibanja ilikuwa moja: kila Jumanne kushusha mikungu ya ndizi kwa baiskeli hadi kwa dada yangu, Ijuganyondo. Jumanne moja nilimkuta binti yake wa kidato cha pili barazani, na daftari la fizikia. Alikuwa amechora kisanduku kwenye mteremko.

"Hiki nini?"

"Kitu kinachotembea, mjomba. Natafuta kinachokisukuma na kinachokivuta. Kila kani na mshale wake."

"Chora baiskeli yangu. Hiyo naijua kuliko mwalimu wako."

Akachora, nami nikamtajia. Dunia inaivuta chini. Barabara inaibeba. Upepo wa ziwani unaipiga kifuani. Halafu breki.

"Breki unazo?"

"Katambuga langu la tairi. Naliburuza chini."

Alicheka hadi akaangusha rula. Nikamnyang'anya penseli, nikachora mshale mrefu kuliko yote, unaoelekea mbele. "Na hii ni nguvu ya mwendo. Ukimaliza mteremko, kwenye tambarare, hukanyagi pedali na bado unakwenda."

"Ya nani?"

"Ya mwendo wenyewe."

"Ai, mjomba! Kila mshale una mwenyewe, anayesukuma au anayevuta. Ukishindwa kumtaja, unafuta." Akaufuta. "Usione aibu, darasa zima tuliuchora huo."

"Sasa inakwenda kwa nini?"

"Kwa sababu ilikuwa inakwenda. Kusimama ndiko kunakotaka sababu."

Nilirudi Kaagya nikisukuma baiskeli tupu mlimani, na maneno yale hayakunitoka. Tangu utoto watu waliniuliza ni kitu gani kinanisukuma kutangatanga, nami nilitafuta jibu kwa aibu, kama mtu anayetafuta ugonjwa wake. Kumbe nilikuwa nakwenda tu. La kuulizwa lilikuwa jingine: nini kimenisimamisha.

Jumatano mvuvi mwenzangu wa zamani alinipigia simu. "Boti yetu inatoka Kemondo Ijumaa asubuhi. Nafasi ipo moja. Au umeshaota mizizi huko, ndugu mgomba?"

"Nakuja," nilisema.

Alhamisi nilikaa nyuma ya nyumba, nikajichora mchangani kwa kijiti: kisanduku kilichosimama. Nikaanza mishale. Ukoo. Nikaona wazee hawajakanyaga kibanjani tangu matanga, nikafuta. Kaburi la baba. Udongo na mawe, halinivuti, nikafuta. Macho ya majirani nayo nikayafuta. Nikabaki na kisanduku kisicho na mshale hata mmoja. Niliingia ndani nikalishusha begi.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka jikoni, akimenya ndizi. Aliliona begi mkononi; simu ya jana alikuwa ameisikia.

"Wanaondoka lini?"

"Kesho. Mama, ni wewe unayenishika hapa?"

Alicheka kidogo. "Mimi? Hata sufuria ya maji siinui. Nenda, mwanangu. Nani alikufunga kamba?"

Kisha akataka kusimama. Goti lake la kushoto halikunjuki vizuri tangu msiba. Akanyoosha mkono bila kunitazama, kama anavyofanya kila siku, akakishika kiwiko changu, akajivuta. Uzito wake wote ulikuja mkononi mwangu. Kama ningesogea hatua moja, angeanguka.

Alipokwisha kusimama aliniachia, akapeleka maganda kwa mbuzi.

Ijumaa asubuhi simu iliita mara nne. Nilikuwa kibanjani nikikata miti yenye panda ya kuegemeza migomba iliyoinama kwa mikungu. Sikuipokea. Jumanne iliyofuata nilimpelekea mpwa wangu ndizi, nikamwomba karatasi, nikajichora tena, na safari hii nikachora mshale mmoja tu, mfupi, kwenye kiwiko.

Aliutazama. "Huu una mwenyewe?"

"Unaye," nilisema.

Hakuufuta.