Pikapu ya Shemeji Wawili

Pikapu ya zamani ilikata roho katikati ya mlima, ikiwa imebeba vioo vya madirisha ya zahanati, na mtu wa kwanza kufurahi alikuwa Taratibu. Aliruka chini akalipiga tairi teke.

"Afadhali! Imetutesa vya kutosha," alisema. "Sasa tununue mpya, shemeji. Mpya kabisa, viti bado vina nailoni."

Fundi alibaki ameshika usukani, eti anasikiliza injini, na injini yenyewe kimya. Moyoni alikuwa anasema: ee Mungu, kwa nini sasa?

Hawa wawili inabidi uwajue kwanza. Fundi alikuwa fundi vioo tangu hajaota ndevu. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu, chenye meza iliyotandikwa zulia kuukuu ili kioo kisikwaruzike, kisu cha almasi kikining'inia msumarini, na ndoo ya vipande mlangoni ambayo kila mgeni alionywa asiiguse. Taratibu alikuwa mdogo wa mkewe, tumbo moja. Alikuja kumsaidia shemeji yake kwa wiki mbili tu akitafuta kazi ya maana, akasahau kuitafuta, na sasa mvi zilikuwa zimeanza kumchungulia. Wateja ndio waliompa jina hilo, maana kila anyanyuapo kioo lazima aseme "taratibu, taratibu." Wapo waliodai hata mezani hula akijiambia taratibu. Huo ni uzushi mtupu, mezani alikuwa anakula mbio.

Kioo kikubwa hakibebwi na mtu mmoja. Wawili hukishika kikiwa kimesimama, mmoja mbele, mmoja nyuma, na wa mbele ndiye anayetangaza njia. Akiona kona anasema "kona." Akiona ngazi anasema "ngazi," kisha "ya pili," kisha "ya mwisho." Wa nyuma haangalii chini hata kidogo. Macho yake yako kwenye kioo, na miguu yake ameikabidhi kwa mwenzake. Mbele siku zote alikuwa Fundi. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi miaka yote, na ubavuni mwa pikapu waliandika kwa rangi nyekundu: SHEMEJI WAWILI, VIOO NA VIOO VYA KUJITAZAMIA.

Sasa sikia kilichotokea mwaka mmoja kabla pikapu haijafa. Walikuwa wanatoa kioo cha zamani kwenye nyumba ya ghorofa, na mlangoni palikuwa na ngazi za kushuka. Fundi hakusema kitu. Mguu wake ulikwenda hewani, akayumba, kioo kikapinda, kikapasuka, na kipande kikaingia mkononi mwa Taratibu kuanzia chini ya kiwiko hadi karibu na kiganja. Walimshona hospitalini. Vidole viwili havikurudi kufunga vizuri. Na akiwa pale pale kitandani, bado anashonwa, Taratibu alimwambia, "Nisamehe, shemeji. Nadhani nilikusukuma."

Na yule bwana akasema nini? Akasema, "Yameisha. Ajali ni ajali."

Yameisha! Mtu mzima na akili zake. Alijua hakusukumwa na mtu. Alijua hakuziona zile ngazi kabisa, pale pembeni zilipokuwa palikuwa hamna kitu, ukungu mtupu. Wiki iliyofuata alikwenda kimya kimya kwa daktari, akatazamishwa taa ndogo ndogo ndani ya mashine, na kila walipomuuliza kama ameiona taa ya pembeni, alikuwa anakisia. Daktari akamwambia ni presha ya macho, na imeanza siku nyingi. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone itachelewesha kilichobaki, labda, akiitia kila siku bila kukosa. Na gari asiendeshe tena.

Aliendesha. Nasema wazi, hapo sina la kumtetea. Aliendesha polepole, akigeuza kichwa huku na huku, na Taratibu alipomuuliza shingo ina nini, akasema alilalia vibaya.

Basi, pikapu imekufa, vioo vya zahanati vimepelekwa na gari la kukodi, na shemeji wawili wameketi kwenye ubao nje ya karakana wanajadili. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kununua pikapu mpya kwa mkopo, wote wawili wasaini, walipe kila mwezi kwa miaka mitano, kisha iwe yao. Ya pili ni kuichukua kwa mkataba wa kukodi wa miaka miwili, walipe kidogo kidogo, muda ukiisha wairudishe kwa wenyewe. Hiyo ya kukodi ilikuwa na masharti: huruhusiwi kuandika kitu kwenye bodi, na huruhusiwi kutoboa tundu hata moja.

"Hapo ndipo palipo na kazi," Taratibu alisema. "Fremu ya kuegeshea vioo tutaifunga na nini bila kutoboa? Na mate?"

"Kuna mikanda."

"Mikanda! Shemeji, unafunga kioo kwa mikanda kama godoro? Kikicheza kidogo tu tumekwisha. Sikiliza, mimi pikipiki yangu nauza. Mteja ninaye. Malipo ya kwanza hayo hapo. Wewe weka ulichonacho, tununue, tutoboe, tufunge fremu yetu kwa bolti, tuandike jina letu, tuache kuombaomba."

"Tukodi kwanza. Tuone hali."

"Hali gani?"

"Hali ya kazi."

"Kazi ipo tele!" Taratibu akamgeukia, na sasa hakuwa anatania. "Au sema tu. Hutaki kusaini na mimi. Kwa sababu ya huu mkono? Unaona nimekuwa kilema, nitakuangusha njiani?"

"Wala," Fundi alisema. "Usinitafutie maneno."

Angefanyaje? Kusaini miaka mitano ni kumfunga mtoto wa watu kwenye deni pamoja na mtu ambaye mwaka wa tatu huenda hataona hata mstari wa kukatia kioo, na pikipiki yenyewe imeshapata mteja. Kukataa bila kusema sababu ni kumwachia aamini kwamba ni mkono wake. Na kusema sababu ni kumwambia kwamba mkono ule aliuharibu yeye, kisha akapokea msamaha usio wake. Alipinda huku akakuta ukuta, akapinda kule akakuta ukuta.

Mkewe alijua habari ya macho, maana ndiye aliyekuwa anamtia matone. Habari ya ngazi hakuijua hadi jioni moja, akiwa amemlaza kichwa mapajani, kichupa mkononi, alipomuuliza tu, "Yalianza lini hasa?" Akamwambia. Mkewe alimaliza kutia tone la jicho la pili, akafunga kichupa, akakisukuma kichwa chake kikalala kwenye mto.

"Baba Mapacha," alisema, "yule ni mdogo wangu. Nimemfunga nepi kwa mikono hii. Shati hawezi kufunga kifungo, anafungiwa na mkewe, na bado anakutetea kwa watu."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingelala." Alikuwa anafuta machozi kwa hasira. "Kabla hajaweka saini yake popote, umwambie. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi, na mimi sitachagua maneno."

Siku ya kwenda duka la magari Fundi alivaa shati la kaki lililopigwa pasi, na njia nzima alikuwa anapanga maneno. Nitamwambia tukifika kona ile. Kona ikapita. Nitamwambia tukikaa. Taratibu hakumpa nafasi, alikuwa na furaha ya mtoto, ameshauza pikipiki, bahasha iko mfuko wa ndani na kila mara anaigusa. Kile kinyongo cha kwenye ubao alikuwa ameshakimeza. "Leo twende tukaione tu kwa macho," alisema, "ukiiona utasahau habari za kukodi."

Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu mwenye tai fupi. Akawakalisha, akawaletea maji, akawaeleza yote mawili, ya kununua na ya kukodi, kisha akaonyesha kidole nje, kwenye uwanja wa nyuma, ambako pikapu nyeupe ilikuwa inang'aa juani. "Wazee, kabla hatujasema mengi, kaikagueni wenyewe. Mlango ule pale."

Fundi akasimama. Aliona pikapu vizuri kabisa, katikati kabisa ya macho yake, nyeupe. Akaifuata moja kwa moja.

Puu! Alikipiga kioo kwa uso mzima. Hakikuwa mlango, kilikuwa kioo cha ukutani, kirefu kutoka sakafuni hadi darini, mlango wenyewe uko wazi pembeni yake hatua chache tu. Kioo kilinguruma lakini hakikupasuka. Yeye akakaa chini sakafuni, damu ikimtoka puani na kuchuruzika kwenye shati la kaki.

Watu wakacheka, ungewalaumu? "Jamani, fundi vioo kagombana na kazi yake!" alisema muuzaji akikimbilia karatasi za kujifutia. Taratibu alicheka kuliko wote. Aliinama akashika magoti, machozi yakamtoka, akawa anasema, "Shemeji, shemeji, utaniua," huku anakuja kumwinua.

Kisha akakitazama kile kioo. Usawa wa kifua kilikuwa kimebandikwa utepe mwekundu, mpana kama mkanda wa suruali, kutoka ncha hii hadi ncha ile, wa kuonya watu wasijigonge. Na Fundi huyu huyu ndiye aliyemfundisha, siku ya kwanza kabisa karakanani, kwamba ukiingia nyumba ya watu tafuta kwanza vioo viko wapi. Kicheko cha Taratibu kikaisha.

"Shemeji."

"Naam."

"Huo utepe hukuuona?"

"Nilikuwa nawaza mengine."

Taratibu hakumwinua tena. Alichuchumaa mbele yake, akanyanyua ule mkono wenye kovu, akausogeza polepole kuelekea sikio la Fundi, kisha akachezesha vidole. Fundi alikuwa anamtazama usoni tu.

"Siku ile," Taratibu alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Zile ngazi. Uliziona?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeshazoea kukaa hapo. Ingekuwa rahisi. Fundi alimeza mate yenye damu.

"Sikuziona. Hukunisukuma, shemeji. Ni mimi. Na nilijua siku ile ile."

Muuzaji akarudi na karatasi, akaona nyuso zao, akaziweka juu ya kiti na kujitenga.

"Nilikuomba msamaha," Taratibu alisema.

"Uliniomba."

"Nashonwa, nakuomba msamaha."

"Ndiyo."

"Ukasema yameisha. Mwaka mzima nalala nawaza nilikusukumaje. Mke wangu shahidi. Nikasema labda shemeji hataki tununue pamoja kwa sababu mimi ndiye niliyekosa." Aliurudisha ule mkono kifuani. "Na gari ulikuwa unaendesha. Nimekaa pembeni yako, na siku nyingine na watoto wangu nyuma."

Fundi alikuwa analia waziwazi, mtu mzima sakafuni kwenye duka la watu, na hakujali nani anaona.

Taratibu akasimama, akaenda hadi kwenye meza, akakaa. "Nanunua," alimwambia muuzaji.

"Kwa hiyo majina mawili, kama tulivyo..."

"Moja. Langu. Fremu yangu nitaitoboa mwenyewe."

Fundi alijikokota hadi mezani, akatoa bahasha yake, akaisukuma mbele. Ilikuwa na damu kidogo pembeni. "Chukua basi hizi. Ziongezee. Si mkopo, chukua tu."

Taratibu aliirudisha kwa kidole kimoja, bila kumtazama. "Hizo kanunulie dawa."

Alisaini kwa mkono ule mbovu, herufi moja moja, na safari hii hakusema taratibu. Miaka mitano, peke yake, pikipiki imekwenda, na mtu wa kubeba naye kioo atamtafuta ambako anakujua yeye. Fundi alisimama nyuma ya kiti chake akisubiri kama mtu aliyekuja kumsindikiza mwenzake. Karakana ilikuwa yake bado, meza na zulia na kisu cha almasi. Nani wa kupeleka atakachokata, hakuuliza.

Walitoka kwa mlango wa mbele. Taratibu alitangulia, mikono mfukoni, anatembea haraka, na Fundi akafuata ule mgongo kwa sababu ndicho kitu alichokuwa anakiona vizuri. Mgongo ukasimama ghafla. Taratibu hakugeuka, shingo imekakamaa, hasira zote bado ziko mabegani.

"Ngazi," alisema.

Fundi akashusha mguu.

"Ya pili."

Akashusha mwingine. Mikono yake ilikuwa mitupu, hakujua aiweke wapi.

"Ya mwisho."