Bikoni ya Kwanza Iko Jikoni kwa Mama Skolastika

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa fito ndefu iliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe, nikaambiwa nikasimame nayo kule mtelemkoni, wima, nisitikisike mpaka Bwana Mpima atakapopunga mkono. Nikasimama. Jua likapanda, inzi wakanitembelea usoni, mkono haukupungwa. Baadaye nikaambiwa kwamba Bwana Mpima alikuwa ameketi kunywa chai na amenisahau. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kupima ardhi. Sikuelewa nilichokuwa nafanya siku ile, na zilikuja siku nyingine nyingi ambazo pia sikuelewa.

Cheo changu kiliitwa mshika mnyororo. Mnyororo wenyewe ulikuwa umeshaachwa, tukitumia utepe wa chuma, lakini jina la cheo lilibaki. Bwana Mpima alikuwa na thiodolaiti, yaani darubini iliyokaa juu ya miguu mitatu ikisoma pembe. Mimi na mwenzangu tulivuta utepe, tukapigilia vigingi, tukafyeka majani yaliyomzuia kuona. Mwisho wa yote ilisimikwa bikoni, ambayo ni bomba fupi la chuma lililoshikwa na zege ardhini. Hiyo ndiyo kona ya kiwanja. Vijana wa leo wanapima kwa kifaa kinachozungumza na setilaiti, wamevaa kofia nzuri, na saa sita wameshamaliza. Siwaonei wivu. Au labda nawaonea, sijui.

Mji wetu huu mdogo wa milimani, upande wa Mbinga, wakati huo haukuwa mji. Palikuwa na kanisa, ghala la kahawa, maduka matatu, na ngoro kila ulikogeuza macho. Kwa msomaji wa mbali nieleze: ngoro ni mashimo ya kilimo cha Wamatengo. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, kisha wanawake huchimba udongo katikati na kuzifunika. Mlima mzima unakuwa mashimo, maji ya mvua yanatuama humo, udongo hauendi mtoni. Bwana Mpima hakuwa mtu wa huku. Aliyatazama kwa muda, akaniuliza kama ni makaburi.

Alikuwa mkali, lakini kazi aliijua. Alipochagua mahali pa bikoni ya kwanza alituita wote tukasimama kuzunguka kigingi. "Hapa patakuwa mji," alisema. "Kila kiwanja kitapimwa kutoka hapa. Ukikosea kona hii, umekosea soko, umekosea shule, umekosea hata makaburi." Kisha akatufundisha kuweka mashahidi. Ukichimba shimo la bikoni, kigingi cha katikati lazima king'oke, kwa hiyo kabla ya kuchimba unapigilia vigingi vinne pembeni. Ukifunga kamba kutoka kimoja hadi cha mkabala wake, zinapokatana ndipo katikati yako. Hao wanne ndio mashahidi. "Shahidi haguswi," alisema. "Hata mkinikuta nimekufa, msimguse shahidi."

Tulichimba mashimo ishirini na manne katika mtelemko ule, kila moja na mashahidi wake. Siku iliyofuata Bwana Mpima akashikwa na malaria, akapelekwa kulazwa. Aliniachia agizo: saruji ikifika, nimimine zege kwenye mashimo yote, nianze na la kwanza. Sisi tukaenda Mbinga na lori kuifuata. Njia ilikuwa ya utelezi, tukachukua siku mbili.

Tuliporudi mashimo yetu hayakuwepo. Nisahihishe: yalikuwepo, lakini yalikuwepo mengi mno. Mtelemko wote ulikuwa ngoro safi, nyasi zimelazwa, udongo umefunikwa, mashimo yamepangana juu mpaka chini. Vigingi vyetu, vile vya ushahidi, vilikuwa vimefungwa mafungu kwa kamba za magome na kuwekwa kando ya njia, vikavu, kana kwamba ni kuni za mtu. Nilisimama pale na fito yangu. Nilihesabu, nikapoteza hesabu, nikahesabu tena.

Akina mama walikuwa wamekaa juu ya mtelemko na vyungu vya pombe, na wanaume wao pembeni. Ilikuwa ngokela, yaani kazi ya kusaidiana: mtu mwenye shamba linalomshinda huwaita majirani, wanalimaliza kwa siku moja, kisha wanakunywa pamoja. Sisi hatukumwita mtu. Walituona tu.

"Karibuni wanangu," mama mmoja mzee alisema. "Tumewamalizia."

"Shikamoo mama. Mmetumalizia nini?"

"Marahaba. Shamba lenu. Mlianza vibaya kidogo, mashimo yameachana mno na nyasi hamkulaza. Mvua ingelibeba lote. Tukasema hawa vijana wa serikali wako peke yao, mkubwa wao mgonjwa, tuwasaidie."

Kulikuwa na msichana kati yao, ndiyo kwanza ameolewa, jina lake Skolastika. Alinikabidhi kibuyu cha pombe kwa mikono miwili. Walikuwa wamechoka, udongo mpaka magotini, na walifurahi kweli. Ningewaambia nini? Nikanywa.

Saruji ilikuwa imelowa njiani, isingengoja. Mashimo ishirini na matatu niliyapata kwa namna fulani, kwa kupima kutoka kwenye miti na kona ya ghala. La kwanza halikuwa na mti wala ghala karibu. Nilizunguka asubuhi nzima. Shimo hili linafanana, lile pia linafanana. Mwisho nikachagua moja, nikasimamisha bomba, nikamimina zege. Moyo uliniambia ndilo, halafu jioni ukaniambia silo.

Bwana Mpima alirudi amekonda. Aliniuliza swali moja tu.

"Mashahidi walikuwepo wote?"

"Walikuwepo, Bwana."

Akafungua daftari la uwandani, akaandika. Bikoni nyingine zilizopishana na bomba langu akazisogeza zilifuate. Kutoka kwenye bomba hilo akapima barabara, soko, shule, na makaburi.

Baada ya hapo nilihamishwa mara nyingi. Lituhi nilikwenda chini ya Mpima wa Mkoa, mtu mpole aliyeugua tumbo kila tulipokaribia ziwa. Wavuvi walifunga mitumbwi yao kwenye bikoni zetu na kuanika usipa, wale dagaa wa ziwani, juu yake, na yeye akasema ni afadhali, angalau hawatazing'oa. Tingi nilifanya kazi na Afisa Ardhi ambaye hakutaka kupanda mlima, alisoma pembe akiwa barabarani na kutupigia kelele. Litumbandyosi nilipanda cheo, nikawa fundi sanifu, nikapewa thiodolaiti yangu mwenyewe na vijana wangu wawili. Niliwafundisha mashahidi kwa ukali kuliko nilivyofundishwa. Mmoja aliwahi kuniuliza, "Mzee, mbona kwenye hili hutaki utani?" Nikamfukuza akalete maji.

Nilipostaafu nilirudi kwenye mji huu. Sijui kwa nini niliuchagua. Kila nikitembea sokoni nilikuwa najiuliza: duka hili lingekuwa wapi? Ukuta huu ungekuwa wa nani? Watu waliniamkia kwa heshima, na heshima yenyewe ilinichoma.

Mwaka huu likaja suala la sherehe ya mji. Watu wetu wanajua kushirikiana, sina haja ya kuwasifu. Kila mtaa ulileta mahindi na maharage, kwaya zikaanza mazoezi, wazee wa mganda, ngoma yetu ya huku, wakatafuta ngozi za kuwamba, vijana wakapaka chokaa mawe ya barabarani bila kutumwa. Tatizo lilikuwa moja: mji unaadhimisha miaka mingapi? Kamati ilikaa vikao vinne. Wa kanisani walisema mji ulianza na kanisa. Wa kahawa wakasema ghala ndilo lilileta watu. Mzee mmoja alisema mji haujaanza bado, mpaka maji ya bomba yafike kwake. Nilitoka kila kikao nikiwa sijui zaidi ya nilivyoingia.

Mwenyekiti wa kamati, mwalimu kijana, akapata suluhisho. Mji ulianza siku iliposimikwa bikoni ya kwanza. Panapo bikoni pajengwe mnara, pazungushiwe uzio, na mimi, mpima wa kwanza aliye hai, nikate utepe.

Sasa, bikoni ya kwanza iko wapi? Iko jikoni kwa Mama Skolastika. Kiwanja kile aligawiwa yeye na marehemu mumewe, na bomba langu likaangukia pembeni mwa ua. Alipojenga jiko lake la kupikia wateja, alilitia ndani, na zege lile likawa figa la tatu. Wengi katika mji huu wamekula wali maharage uliopikwa juu ya bikoni. Jiko hilo ndilo linalomlisha yeye na wajukuu wanne. Mnara ukijengwa, jiko linavunjwa. Hana mahali pengine pa kupikia penye wateja, na umri wake si wa kuanza upya.

Siku tatu sikulala vizuri. Nikinyamaza, jiko linavunjwa kwa ajili ya shimo nililobahatisha. Nikisema, mji mzima utajua umepimwa juu ya uongo wangu, na sijui mipaka ya watu itakuwaje. Jina langu ndilo pekee nililotoka nalo kazini. Niliandika barua, nikaichana. Nilijiambia labda nilibahatisha sawa. Hata hilo sikuwa na uhakika nalo, na kutokuwa na uhakika kulinichosha kuliko uongo wenyewe.

Kamati ilikuja uani kwa Mama Skolastika asubuhi, pamoja na Afisa Ardhi, binti mwerevu mwenye kifaa chake cha setilaiti. Mama alikuwa mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Hakubishana na mtu.

"Babu," mwenyekiti akaniambia, "tuonyeshe tu kwa kidole, tuanze kazi."

Kidole kilikataa kunyooka. "Hapa sipo," nikasema. "Yaani, sijui kama ndipo." Nikawaeleza yote, saruji, mashimo, mashahidi waliofungwa kama kuni. Nikasema nilimdanganya Bwana Mpima, na nikawadanganya wote walionunua kiwanja. Nilisema vibaya, nikarudia mambo, nikaruka mengine. Nilipomaliza mwenyekiti alikuwa ananitazama kama mtu aliyeulizwa hesabu ya darasa lisilo lake.

Afisa Ardhi ndiye aliyejibu. "Mzee, sisi tulishajua. Tulipopima upya kwa setilaiti tuliona mji wote umeshuka mita tisa kutoka mahali ulipotakiwa kuwa. Lakini umeshuka wote pamoja. Hakuna aliyemwingilia jirani yake, hakuna aliyepungukiwa. Tukarekebisha ramani, watu tukawaacha walipo."

"Na hiyo sehemu yenyewe, ya kweli?" mwenyekiti akauliza.

Alitazama kifaa chake, akatembea, akasimama. Alikuwa katikati ya barabara, na bodaboda ikampigia honi.

Mwenyekiti alishika kichwa. Kamati ikaanza kubishana palepale, kama mji ulianza kwenye jiko, barabarani, au kanisani, na nilipoona wanafika tena kwenye ghala la kahawa niliacha kusikiliza. Mnara uliahirishwa. Sherehe ilifanyika, tulikula, mganda ulichezwa mpaka jioni, na mpaka leo hakuna anayejua tulikuwa tunaadhimisha miaka mingapi.

Ila nirudi pale uani. Wenzetu walipohamia barabarani na ubishi wao, Mama Skolastika alinivutia kigoda.

"Shemeji," akasema, "kwa nini hukutuambia siku ile kwamba tumewaharibia kazi?"

Nilikuwa na jibu zuri, kwamba niliwaonea haya kwa wema wao. Nimelitumia miaka mingi nikijisemesha peke yangu. Lakini nilikuwa nimeshaanza kusema kweli.

"Niliogopa kufukuzwa kazi."

Akatikisa kichwa taratibu. Aligeuza maharage, akaonja, akaongeza chumvi.

"Mimi nilikuona siku ile unamimina zege," akasema. "Nilikuwa napita na maji. Nikalijua shimo, kwa sababu nililichimba mimi, toka mwanzo mpaka mwisho. Halikuwa lenu hata kidogo. Nikasema nikimwambia mkubwa wake, kijana wa watu atafukuzwa kwa sababu yetu. Nikanyamaza."

Nimepima ardhi maisha yangu yote ya kazi, na vijana huniuliza nilichojifunza. Nilijifunza kuweka mashahidi wanne na kutowagusa. Kumbe siku ile alikuwepo wa tano, amesimama njiani na ndoo kichwani, na nimekula chakula chake miaka yote hii bila kumuuliza.