Sauti ya Machogu Mgombani

Duke wa Ekerenyo ana pikipiki ya boda, mke mvumilivu, na mdomo usiopoa. Kwa miaka mingi alipenda ndizi za kaka yake, Machogu, kuliko alivyompenda Machogu mwenyewe. Ndiyo maana Machogu alikuja dukani kwangu mjini Kisii akitaka king'ora cha mgombani.

Nilimtengenezea. Ndani niliweka chipu ndogo kuliko punje ya mahindi, isiyo na tamaa kabisa ya umeme: inalala siku nzima, na mgomba ukitikiswa ndipo inaamka na kutoa sauti. Machogu akarekodi yake papo hapo: "Duke! Wachana na ndizi zangu!" Nikamhakikishia kwamba betri itadumu miaka kumi. Yeye hakudumu hata mwezi.

Kwenye matanga, jirani yao Roselyne alitumwa kukata ndizi za waombolezaji. Marehemu akamfokea, akimwita Duke. Mbuzi akajikuna kwenye mgomba, naye akaitwa Duke. Watu walitimua mbio, sufuria zikabaki zinachemsha maji matupu.

Baada ya mazishi Duke alilitaka shamba la migomba, mjane Nyanchera aachiwe nyumba tu. Wazee wa ukoo wakaenda shambani, wakatikisa mgomba, wakasikiliza, wakaamua: shamba halichukuliwi wakati mwenyewe bado anakataa. Hawakuwa wanatania.

Duke akanijia amefura. "Mama Aakash, hiyo kitu itakufa lini?"

"Ikilala, miaka kumi. Ikipiga kelele sana, betri itaisha mapema."

Mdomo wangu huu! Tangu siku hiyo kila asubuhi alikwenda mgombani, akautikisa, akafokewa, akautikisa tena, huku abiria wakimngoja stejini. Nyanchera alimtazama kutoka jikoni, akijua betri ikiisha shamba limekwenda. Nilimwonea uchungu mama wa watu, nikamchukia Duke, nikajichukia na mimi.

Kisha Nyanchera akanipigia simu, sauti chini. Shemeji yake ameanza kujibu. "Nimekusikia, Machogu," anasema. Juzi alimweleza marehemu habari za pikipiki iliyokataa kuwaka, akitikisa mgomba kila alipotaka jibu. Alifokewa, akacheka, kisha akalia mpaka kuku wakamkimbia.

Wiki iliyopita Duke aliingia dukani akiwa na kile kidude mkononi. "Imeanza kukwama, Mama Aakash. Inasema 'Du', halafu inanyamaza."

"Basi umeshinda," nikamwambia kwa hasira. "Nenda ukachukue shamba."

Hakuondoka. Alikiweka kwenye kaunta polepole.

"Weka betri mpya."

"Nikiweka mpya, shamba linabaki la Nyanchera. Unaelewa?"

"Libaki. Wewe weka tu," alisema. "Hajamaliza hata jina langu."