Wavu wa Goli la Chini

Wachuka hakuamka na hasira siku ya mazishi ya Kocha Kihara. Alikuwa amelala nayo. Ilimkaa chini ya mbavu usiku kucha, na kulipokucha ilikuwa palepale, ngumu vilevile. Alioga nayo, akavaa nayo sweta nyeusi, akanywa nayo chai ya rangi. Kisha akachukua gunia lililokuwa nyuma ya mlango, akalitia begani, akatoka.

Huko Ruring'u hakuna asiyemjua. Ni mwanamke wa miaka hamsini na minane, mfupi, msusi wa vyondo, vile vikapu vya katani, tangu usichana wake kule Giakanja. Mikono yake inasifiwa, lakini mdomo wake unaogopwa. Muuza maziwa aliyewahi kumpimia pungufu hapiti tena mbele ya nyumba yake; huzungukia kanisani, na huo ni mwendo wa robo saa zaidi. Ukimuuliza Wachuka mwenyewe atakwambia yeye si mkali, ni vile tu watu wanapenda kumjaribu.

Mdomo huohuo ndio uliomkutanisha na Kocha, miaka kumi na tisa iliyopita.

Timu ya Mbogo ilikuwa ikicheza kwenye kile kiwanja cha pembeni kilichopakana na mashamba ya kabeji. Wachuka hakuwa na habari na mpira. Alikwenda kumtafuta binti yake, Wendy, aliyetumwa chumvi akapotelea huko. Akafika wakati beki wa wageni ameuzuia mpira kwa mkono mchana kweupe, na refa anaonyesha mchezo uendelee. Wachuka alimweleza refa yule habari za macho yake, halafu habari za waliomsomesha, na alipofika kwa mama mzazi wa refa, filimbi ikalia. Mechi ikasimama. Kocha Kihara, mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, miwani imefungwa uzi nyuma ya kichwa, akavuka uwanja mzima polepole hadi alipo.

Hakumgombeza. Alimuuliza anakaa wapi, basi. Jioni akafika mlangoni na baiskeli, wavu wa goli umelundikwa nyuma kama majani ya ng'ombe.

"Mama Wendy, hapa kwetu mtu akitukana, anashona," akamwambia. "Na anashona mwenyewe. Hatumi mtu."

Wachuka akamtukana na yeye pia. Alimtukana kwa Kikuyu, akaongeza Kiswahili ili majirani wote wapate. Kocha akasimama pale ameshika baiskeli, akasikiliza mpaka mwisho.

"Sasa hiyo," akauliza, "niihesabu kuwa ya wavu wa pili?"

Wachuka alicheka kabla hajajua anacheka. Wavu ukaingia ndani.

Aliushona kwa siku mbili, kwa katani na kwa fundo lilelile la kiondo, fundo ambalo likishakaza halirudi nyuma. Jumamosi iliyofuata alikwenda uwanjani kuona kama kazi yake itashika. Dakika ya kumi mpira ulipigwa kwa nguvu ukaingia kona ya juu, wavu ukaumba tumbo, ukaudaka, ukautua chini taratibu. Wachuka akapiga kelele hadi sauti ikamkauka. Tangu siku hiyo hakukosa mechi.

Wala usidhani sheria ile ilikuwa ya wanyonge. Oloo, askari polisi aliyehamishiwa Nyeri kutoka upande wa ziwa, alimwita mshika kibendera ng'ombe, akakaa mlangoni kwa Wachuka jioni tatu akishona, kofia ya serikali juu ya goti, watoto wamemzunguka. Mchungaji mmoja alishona pia, ingawa hakupenda isemwe. Na mwaka ambao Mbogo walinyimwa penalti iliyo wazi, Kocha mwenyewe alimwita refa mjinga. Jioni akafika na baiskeli na wavu, akajivutia kigoda. Siku hiyo alikuwa amemchongea Wachuka sindano ya kushonea nyavu, ya mti wa mutamaiyo, laini kama mfupa. Alisema hakuona vizuri kuja kwa fundi mikono mitupu.

Ndivyo Mbogo walivyoishi. Walifungwa mara nyingi kuliko walivyofunga, lakini hakuna aliyerushiwa mawe, hakuna aliyepigwa. Akina mama walikuja na watoto, wakakaa na mahindi ya kuchoma. Hasira ya mtaa mzima ilikuwa na pa kwenda. Ilikwenda kwenye nyavu.

Halafu akaja Wamae.

Wamae ana duka la vifaa vya ujenzi mjini, la ghorofa mbili, na alifanywa mwenyekiti wa klabu katika mkutano uliokwisha kabla wengi hawajafika. Mechi alizohudhuria zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Alikuwa akifika kipindi cha pili, anapigwa picha, anaondoka. Mwaka juzi, mwezi wa sita, akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia mbili. Wachuka aliusikia akiwa na kiondo mapajani na wateja wawili mbele yake.

"Huyu mzee ameisha," sauti ya Wamae ikasema. "Anafundisha mpira ya kusikiza kwa redio. Hata mpira haoni, anaona kivuli. Kuanzia leo asikanyage hapo kwa uwanja yetu."

Miaka ishirini na miwili, na ikaisha kwa sekunde kumi na tano. Kocha mwenyewe alikuwa kwenye kundi lile. Hakujibu neno.

Jioni hiyo Wachuka alikwenda uwanjani peke yake. Goli la chini, lile la upande wa kabeji, lilikuwa na wavu uliopasuka pembeni, wa kushonwa wiki hiyo. Aliufungua ndoano kwa ndoano, akautia guniani, akaapa kwamba Wamae hatapata fundo lake hata moja. Tangu hapo Mbogo walicheza na goli moja lenye wavu na moja tupu, na mara nyingine watu waligombana kama mpira umepita ndani au nje.

Kocha akaenda Timau, ambako wafanyakazi wa mashamba ya maua walikuwa na timu isiyo na mwalimu. Habari za goli zikamfikia huko. Akapiga simu.

"Mama Wendy, goli halijakukosea."

Wachuka akamwambia atashona. Hakushona. Alikuwa na hasira na Wamae, na ukweli wenyewe, alikuwa na hasira na Kocha pia, kwa kunyamaza, kwa kwenda, kwa kuwafundisha watu wa Timau mambo yaliyokuwa yao. Alisema atashona baada ya mahindi. Mahindi yakavunwa mara mbili. Mwezi wa nne mwaka huu Kocha aliketi kwenye benchi wakati wa mapumziko, Timau huko, akiwa na gilasi ya chai, na hakuinuka tena.

Ndipo Wachuka alipotoa wavu. Alishona siku tatu mfululizo, lakini alipofika pembeni, kwenye tundu la mwisho lenye upana wa sufuria, mikono ilimgomea. Basi akaukunja vilevile, sindano imechomekwa kwenye tundu. Alikusudia kuutandika juu ya jeneza uwe shada la mashabiki. Hakuwa na lingine.

Giakanja, nyumbani kwa Kocha, kulikuwa na mahema meupe sita, viti vilivyovishwa vitambaa, na vipaza sauti virefu kama milango. Vyote vilikuwa vimeletwa na Wamae, na kila hema lilikuwa na jina la duka lake. Wachuka alipewa programu, kitabu cha kurasa nane cha karatasi ya kung'aa. Picha ya Kocha ilikuwa mbele. Ya Wamae ilikuwa nyuma, ukurasa mzima, ameshika kikombe ambacho Mbogo walishinda kabla yeye hajajua njia ya uwanjani. Akafungua ndani, akasoma kwa kidole. *Mwaka juzi alistaafu kwa hiari yake, klabu ikamuaga kwa huzuni kubwa.* Akatafuta orodha ya watakaoitwa kuweka maua kaburini. Familia, wakwe, walimu, kanisa, uongozi wa klabu. Mashabiki hawakuwamo. Watu wa Timau, waliosafiri tangu alfajiri na ndoo za waridi fupifupi zilizokataliwa kwenda ng'ambo, hawakuwamo pia.

Oloo, ambaye siku hizi amestaafu na mvi zimemjaa, akamsogelea.

"Mama Wendy, ile sauti ya mwenyekiti bado uko nayo?"

"Niko nayo."

"Basi hiyo spika inatosha. Wasikie mpaka Othaya."

Wakapatana. Wamae akimaliza tu, Oloo atamshika mwenye mitambo, Wachuka ataweka simu kwenye maiki. Watu wote wasikie jinsi klabu ilivyoaga kwa huzuni.

Lakini mjane alikuwa na macho. Beth, mke wa Kocha, Mama Kinyua kwa majirani, aliishi na wachezaji wa Mbogo kwenye sebule yake miaka yote hiyo, na akiwaona Wachuka na Oloo wameweka vichwa pamoja anajua kuna refa atalia. Alituma Wachuka aitwe nyuma ya jikoni, penye masufuria ya mchele.

"Najua vile unasikia," Beth akamwambia. "Hata mimi nasikia hivyo. Lakini Kihara hakupenda kelele, na mimi sitaki kumzika na kelele. Leo tu, Mama Wendy. Mdomo yako. Na hiyo simu pia."

Wachuka alimtazama. Kuna watu unaoweza kuwakatalia, na kuna mjane aliyevaa koti la marehemu mumewe kwa sababu ya baridi.

"Sawa, Mama Kinyua," akasema. "Sitafungua mdomo."

Akamkabidhi simu, Beth akaitia mfukoni mwa koti.

Sasa mfikirie mwanamke huyu ameketi safu ya nne, gunia miguuni, mdomo ameufunga kama mtu aliyetia maji asiyotaka kuyameza, na Wamae anasimama. Alizungumza muda mrefu kuliko padri. Alieleza jinsi alivyompenda Kocha. Alieleza jinsi alivyomsihi abaki, jinsi alivyofika kwake usiku na kupiga magoti, na mzee akasema amechoka, anataka kupumzika. Oloo akamtazama Wachuka. Wachuka akatazama nyasi. Huko nyuma watu wa Ruring'u walianza kunong'ona, na wa Timau, ambao walimjua mzee huyohuyo aliyechoka akikimbia nao kilima kila alfajiri, wakatazamana.

"Na mimi nasimama hapa," Wamae akamalizia, "kama sauti ya mashabiki."

Wachuka akainuka.

Alilitia gunia begani akapita katikati ya viti. Oloo alisogea kuelekea kwa mwenye mitambo, akamwona Wachuka anatikisa kichwa, akasimama. Beth aliweka mkono juu ya mfuko wa koti. Wachuka akafika mbele, akaupita mwavuli uliokuwa umeshikwa juu ya mwenyekiti, akafungua gunia. Hapo nia yake ilikuwa bado jeneza. Lakini Wamae alikwisha kuona mama mzee anakuja na kitu, na katika mikutano yake mama wazee hawaji na kitu kwa mtu mwingine. Akatabasamu. Akamgeukia mpiga picha, akanyoosha mikono yote miwili.

Wachuka akasita kidogo tu, kadiri ya pumzi moja. Kisha akamwekea wavu mikononi, wote, na sindano ya mutamaiyo ikining'inia kwenye tundu.

"Asante sana, mama yangu," Wamae akasema kwenye maiki. "Mashabiki wamenipatia huu wavu. Nimepokea. Nimepokea kwa mikono miwili."

Halafu mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akaziba mdomo kwa leso. Yule mchungaji akainamisha kichwa, mabega yanamtetemeka. Kicheko kikapita hema hadi hema, kicheko kibaya, kisichokuwa na furaha hata chembe, na Wamae akacheka nao kidogo kwa kutojua. Oloo ndiye aliyemjulisha. Alisimama wima kama yuko gwaride.

"Mwenyekiti, kwa Kocha, mwenye kutukana ndiye anashona. Wewe ulitukana. Tulikusikia, watu mia mbili na zaidi. Na sasa umepokea."

Wamae alibadilika rangi. Akageuka kumpa dereva wake ule wavu.

"Mwenyewe!" wakasema watu wa Ruring'u wote kwa pamoja, hata watoto.

Dereva akarudisha mikono mfukoni.

Basi Wamae akamalizia mazishi amekumbatia wavu, kamba zinamnasa vifungo vya koti, kwa sababu hakupata pa kuuweka ambapo watu hawatamwona akiuweka. Maua yalipoitwa, mashabiki hawakungoja programu. Watu wa Timau waligawa waridi zao kutoka kwenye ndoo, na wote wakaenda kaburini, wakazichomeka udongoni hadi mwisho wa foleni. Beth akamrudishia Wachuka simu yake.

"Umenidanganya," akamwambia, lakini alimshika mkono.

"Sijafungua mdomo, Mama Kinyua."

Huo ulikuwa mwezi wa nne. Sasa ni wa nane, na wavu haujarudi. Wengine wanasema uko kwenye buti ya gari la mwenyekiti, wengine wanasema aliutupa mtoni Chania. Goli la chini bado liko tupu. Jumamosi iliyopita mpira ulipigwa ukapita karibu na mlingoti, ukaishia kwenye kabeji. Nusu ya watu wakasema ni goli, nusu wakasema si goli, na refa hakujua amfuate nani. Wakamgeukia Wachuka. Kila mtu anajua ana katani nyumbani, na kwamba akitaka atasuka wavu mpya kabla ya Jumatano.

Wachuka alikuwa ameketi mahali pake, mikono ameikunja kifuani.

"Mimi nilimaliza zangu," akasema. "Muulizeni mwenyekiti."