Barua Niliyoisahihisha

Simu ilinikuta nyumbani kwetu, mtaa wa Migosi, nikisahihisha insha za kidato cha pili. Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana. Mwanamke nisiyemjua aliniuliza kama mimi ni mke wa mwelekezi, na nilipoitikia akasema, "Yuko hai, Mama. Lakini kuja hospitali sasa hivi. Usipitie popote."

Nilivaa viatu vya shule kwa sababu ndivyo vilivyokuwa mlangoni.

Mume wangu alikuwa fundi wa umeme wa magari. Mara nne au tano kwa mwaka alikuwa pia mwelekezi, yaani yule anayeketi kando ya dereva katika mbio za magari na kumsomea barabara kutoka kwenye daftari. Yeye na dereva wake walikuwa wamesoma pamoja tangu kidato cha kwanza. Dereva huyo ni mtu wa familia ya Kisikh, yenye karakana ya kuchonga vyuma mjini, na Kijaluo chake kinanishinda mimi niliyeolewa huku. Mashindano yao yalikuwa ya klabu ndogo. Mwenye duka la dawa alikimbia, mhandisi wa kiwanda cha sukari alikimbia, wote katika magari ya zamani waliyoyafunga vyuma ndani, kwenye barabara za udongo wa murram zinazopita katikati ya miwa. Hakuna aliyelipwa. Walirudi nyumbani na vumbi masikioni, wakicheka kama wanafunzi waliotoroka darasa.

Siku hiyo, kwenye kona moja ya kushoto, gari liliteleza, likageuka na kupiga zege la kalvati kwa ubavu wa kushoto. Huko ndiko mume wangu alikokuwa ameketi.

Nilimkuta dereva kwenye benchi nje ya chumba cha dharura. Alikuwa amekwaruzwa kidevu tu. Kilemba kilikuwa kimefunguka na nywele amezifunga kwa leso. Aliponiona alisimama, akasema, "Shemeji."

Daktari alikuwa msichana mdogo kuliko walimu wa mazoezi wa shuleni kwetu. Alinionyesha picha ya uti wa mgongo kwenye mwanga na kuweka kidole mahali ambapo mifupa haikufuatana tena. Wangemfanyia upasuaji ili mgongo usimame imara. "Lakini miguu, Mama," alisema, "nisikudanganye. Sioni ikirudi." Nilimshukuru. Nilimshukuru sana, mara tatu nadhani, kama mtu aliyepewa zawadi.

Siku ya tatu, asubuhi ya upasuaji, dereva aliniita kwenye korido, mahali ambapo wafagizi huegemeza ndoo. Alikuwa hajala, nilijua kwa harufu ya mdomo wake.

"Shem, nikuambie kitu," alisema. "Pale barabarani watu wa klabu waliniuliza nini imetokea. Nikasema sikusikia kwa wakati. Nikasema maelekezo ilichelewa. Wakaandika."

"Na ilikuwaje?"

"Alisoma. Alisoma mapema kabisa. Kushoto mbili, inakaza. Nilisikia."

Nilikuwa nimeishi na mbio hizo miaka ya kutosha kuelewa. Kona zao hupewa namba: moja ni kali kama kiwiko, sita ni karibu kunyooka. Mbili ni kona ya kukanyaga breki na kuomba, na ikikaza inazidi kujikunja mbele.

"Mwaka jana tulipita hapo na nne," alisema. "Nikadhani amekosea kuandika. Nikaenda na ile yangu ya kichwani. Kumbe walikuwa wamechimba upya hiyo barabara." Alianza kulia bila kufunika uso. "Niende nimwambie sasa? Kabla waingize yeye ndani?"

Hapo ndipo niliposema neno ambalo limenileta kwenye kuandika haya. Nilisema, "Usimwambie."

Nilimpa sababu. Nilisema mgonjwa anayeingia kwenye kisu anahitaji moyo mtulivu. Nilisema tungoje apone jeraha. Sababu hizo zilikuwa za kweli. Lakini chini yake palikuwa na nyingine ambayo sikuitamka: mimi ni mdogo wa mwili, mume wangu ni mkubwa, na katika siku tatu zile nilikuwa nimeona nani anakuja na nani haji. Nilihitaji mikono ya mwanamume huyu. Niliogopa kwamba akisema, mume wangu atamfukuza, nami nitabaki peke yangu na mwili nisioweza kuuinua.

Tulirudi nyumbani baada ya wiki saba. Kitanda tulikiweka sebuleni kwa kuwa mlango wa chumba cha kulala haukupitisha kiti cha magurudumu. Nilijifunza kumgeuza ili asipate vidonda vya kulalia, kumbadilishia mpira wa mkojo, kupima joto la maji kwa kiwiko changu kwa vile miguu yake isingemwambia yanachoma. Dereva alikuja kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Alimbeba hadi bafuni kama anavyobebwa bibi harusi, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki, akamwosha. Walitaniana. Mimi nilisimama jikoni nikisikiliza maji yakimwagika.

Mume wangu alikuwa ameambiwa na watu wa klabu kile kilichoandikwa. Hakukikataa. Ajali ilikuwa imemfutia dakika zile zote. Alikumbuka kufunga mkanda asubuhi, kisha akakumbuka dari ya hospitali. Hivyo aliamini alichosomewa.

Mwezi wa tatu tangu ajali nilianza kumkuta na daftari. Lilirudi nyumbani kwenye mfuko wa plastiki pamoja na saa na viatu vyake, nami kwa upumbavu sikulitupa. Nikitoka shule nilisikia sauti yake kabla sijafungua mlango, akisoma ukurasa mmoja uleule, simu yake ikihesabu sekunde kifuani.

"Kulia tano, ndefu. Mita themanini. Kushoto mbili, inakaza."

Kisha kimya. Kisha tena tangu mwanzo.

"Nilikuwa na sekunde mbili, Mwalimu," aliniambia siku moja. Hivyo ndivyo alivyoniita tangu tulipochumbiana. "Labda nilikuwa nimepoteza mstari. Labda niliangalia nje. Lakini nikisoma hivi, haichelewi. Sasa hiyo siku nilifanya nini?"

"Acha hiyo daftari," nilisema.

"Hilo daftari," akasema, akitabasamu. Zamani mimi ndiye niliyemsahihisha ngeli zake, na yeye alizivuruga makusudi ili nimsahihishe. Siku hiyo nilikuwa nimezivuruga mimi.

Kila Jumamosi alimwomba rafiki yake msamaha, kwa sauti ya chini, wakati wa kuvalishwa. "Nisamehe, omera, ndugu yangu. Ningekuua." Na yule mwingine aliniangalia juu ya bega la mume wangu, nami nilitikisa kichwa kidogo tu. Bado. Wiki iliyofuata, tena. Bado. Sikujua ninangoja nini. Jeraha lilikuwa limefunga zamani.

Mwezi wa nane tangu ajali klabu ilipanga kikao cha kuamua kama dereva arudi mashindanoni. Yeye mwenyewe hakuwa ameomba kurudi. Lakini mume wangu alisikia kwamba kuna wanachama wanaomwita mzembe, akakasirika. Akaniita nikiwa nimerudi kutoka shule, kabla sijaweka mkoba chini.

"Chukua karatasi," alisema. "Niandikie barua ya klabu. Wewe ndiye mtu wa Kiswahili."

Niliketi kando ya kitanda. Alisema, nami nikaandika. Alisema yeye ndiye aliyekosea, kwamba kona hiyo aliisoma ikiwa imepita, kwamba dereva hana makosa yoyote na asizuiwe. "Hapo kwa kusoma, weka vizuri," alisema. "Nimesema vibaya."

Nikaweka vizuri. Niliandika: *Nakiri kwamba nilichelewa kuisoma kona hiyo.* Kitenzi nilikichagua mimi. Niliisoma barua yote kwa sauti, naye akaisikiliza akiwa amefumba macho. Akasema ni nzuri, akatia sahihi yake iliyopinda. Ningeweza kusema wakati ule. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nilikunja karatasi mara mbili na kuitia kwenye bahasha.

Jumamosi dereva alipokuja, mume wangu alingoja hadi yuko bafuni, amepakwa sabuni, ndipo akaniambia nimpe rafiki yake bahasha. Nadhani aliona haya kuitoa mwenyewe wakiwa ana kwa ana. Dereva alikausha mikono kwenye suruali, akasoma amesimama mlangoni mwa bafu. Aliisoma polepole.

"Shem," aliniuliza, "umeandika wewe hii?"

"Ameniambia niandike."

Alishuka chini. Aliketi palepale kwenye sakafu yenye maji, na nguo zake, uso wake ukiwa sawa na magoti ya mume wangu.

"Omera, ulisoma," alisema. "Ulisoma mapema. Nilisikia kila kitu. Ulisema mbili, mimi nikaenda na nne."

Mume wangu alimtazama. "Mapema aje?"

"Mapema. Tulikuwa bado kwa ile kulia tano. Ulirudia hata mara mbili. Nilidanganya wale watu."

Kisha mume wangu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, "Na ukaniacha miezi nane?"

"Nilitaka kukuambia siku ya tatu. Kabla ya kisu."

Hakunitaja. Hata leo namheshimu kwa hilo. Lakini macho yake yalikosea yakaja kwangu, na mume wangu akayafuata.

"Mwalimu. Ulijua?"

"Nilijua."

Povu lilikuwa linakauka mabegani mwa mume wangu na ngozi ilianza kusisimka kwa baridi. Mwishowe alisema, "Nitoeni sabuni kwanza," na yule rafiki akainuka, akachukua kopo, akamwagia maji kwa uangalifu kama siku zote.

Hakunigombeza. Kwa siku tisa aliniambia tu yale ya lazima: maji, mto, nigeuze. Shule zilipofunga alisema, "Enda kwenu kidogo. Dada yangu atakuja."

Kwetu ni Port Victoria, kando ya ziwa. Mama yangu huuza omena, dagaa wa ziwani, na wiki mbili zile nilianika naye kwenye nyavu kuanzia jua linapochomoza, tukizigeuza, tukifukuza ndege. Nilimweleza yote siku ya nne. Alinisikiliza bila kuacha kazi.

"Ulimficha kwa faida ya nani?" aliuliza.

"Yake."

Aliendelea kugeuza omena hadi mwisho wa wavu, akarudi, akapita mbele yangu kama hajasikia jibu. Ilinibidi nilifikirie mwenyewe.

Niliporudi Migosi nilisikia kicheko kabla ya kufungua mlango. Dereva alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda na wembe, akimnyoa mume wangu ndevu, na wote wawili walikuwa wakicheka kitu ambacho sikukisikia. Nilisimama na begi langu. Dereva alimaliza shavu lililobaki, akafuta povu, akaaga. Mlangoni alinigusa mkono.

"Umemsamehe," nilimwambia mume wangu.

"Huyo? Ndio." Alijipapasa kidevu. "Tumelia, tumetukanana, ikaisha. Yeye alikosea sekunde moja, Mwalimu. Akadanganya kwa sababu ya uoga. Ningekuwa mimi labda ningedanganya pia. Lakini wewe uliingia hapa kila siku ukitoka shule. Ukanikuta nasoma. Ukanipikia. Karibu siku mia mbili. Kila siku uliamua tena."

Nilimwambia lile la mikono, kwamba niliogopa kubaki peke yangu na mwili wake. Sikulipamba. Alisema, "Hiyo ndiyo ya kwanza ya kweli uliyoniambia."

Nilidhani maneno hayo ni mlango unaofunguka. Haikuwa hivyo. Mwaka na nusu umepita. Anafanya kazi kidogo sasa. Watu humletea redio na vifaa vya magari, naye huvitengeneza juu ya meza tuliyomkatia ili ipite juu ya mapaja yake. Daftari alimpa rafiki yake, ambaye hajakimbia tena. Mimi ananiambia asante kwa kila kitu, kwa chai, kwa kugeuzwa, kwa shuka safi. Kabla ya ajali hakuwa na desturi ya kunishukuru, na sijawahi kuitamani hali ile kama ninavyoitamani leo. Hanisahihishi, hanichokozi kwa ngeli. Nikiwa na simu anauliza ni nani, nami namwambia. Akipimwa damu anasoma karatasi mwenyewe kabla sijaigusa.

Mwezi uliopita nililetewa barua ya kupandishwa cheo kuwa naibu mwalimu mkuu katika shule ya Busia, mbali na Migosi na karibu na kwa mama. Niliisoma nikiwa ofisini. Wenzangu walinipongeza, nikacheka nao, na nilipofika nyumbani sikuvua hata viatu. Nilimwekea karatasi juu ya meza, kati ya bisibisi na nyaya.

Aliisoma mara mbili. "Umepata lini?"

"Leo. Saa nne."

"Unataka kwenda?"

"Nataka cheo. Kukuacha sitaki. Na kuna siku nataka kukuacha." Nilishangaa jinsi maneno yalivyotoka bila kukwama.

Aliigeuza karatasi kuona kama kuna maandishi nyuma. Hapakuwa na kitu. Akanirudishia.

"Mimi nikisema usiende, utafikiri nimekusamehe," alisema. "Bado."

"Najua."

"Nikisema nenda, nitakuwa nimedanganya."

Nje jirani alikuwa akiwasha pikipiki, ikakataa, akajaribu tena. Tulingoja hadi ikakubali kuwaka. Jibu natakiwa kulitoa kabla ya mwisho wa muhula, na sijaliandika.