Msumari Kwenye Ngao ya Sobotka

Ilikuwa mwaka wa sabini na sita. Hapana, nimekosea, sabini na sita Wendell Sobotka alikuwa bado anacheka. Ni sabini na saba, theluji ya mwisho ikiwa haijayeyuka nyuma ya uwanja wa besiboli wa Harmon Fork, mji wa wachimba makaa kule Pennsylvania.

Sobotka alikuwa mwamuzi. Alisimama nyuma ya mdakaji na kutamka kama mpira uliorushwa ni halali au la. Mpira wenyewe mgumu kama jiwe, na ukimponyoka mdakaji humwendea mwamuzi. Mzee aliyemfundisha kazi alimsimulia kwamba waamuzi wa kwanza walijaza magazeti ndani ya koti. Kisha ikaja ngao ya upepo: mfuko wa raba ndani ya turubai nene, unaoshikwa mkononi na kufunika mwili kutoka kidevuni hadi mapajani. Sobotka hakujua nyingine. Kabla ya mchezo aliketi mlangoni mwa gari lake akaipuliza kwa mdomo, taratibu, masikio yakimwiva, halafu akaigonga kiwiko asikie ilivyojaa.

Wachezaji walimtania. "Mzee, leo umekuja na godoro. Mama kakufukuza?"

"Kanifukuza ndiyo, kwa hiyo usitegemee huruma."

Basi ikaingia ngao mpya, ndogo na ngumu, ya kuvaa chini ya koti. Vijana waliipenda: mikono inabaki mitupu, unainama begani kwa mdakaji, unaona mipira ya chini. Ni kweli, na Sobotka hakubisha. Nyuma ya godoro mtu huona vizuri mipira ya juu kuliko ya chini. Lakini mfupa wa bega lake la kulia ulivunjwa na mpira zamani, ukaunga vibaya, na ile ndogo iliuacha wazi. Kamati ya ligi ikamwonea huruma: waamuzi wapya wavae ndogo, Sobotka aendelee na yake mpaka iharibike, asinunue nyingine. Akaridhika. Alitaka misimu michache tu, kisha apumzike.

Siku chache kabla ya msimu kuanza, mwenyekiti Clete Ruddock, jirani yake mwenye duka la misumari na rangi, akaja kuiazima aionyeshe kwenye karamu ya ligi, katika ukumbi wa wazima moto.

"Jioni moja tu, Wendell. Watu waone mambo ya zamani."

Sobotka akamwambia hayo mambo ya zamani yana kazi Jumamosi. Lakini akampa.

Jioni ya karamu akaingia na mkewe Arlene, ukumbi ukinuka soseji na kabichi. Ngao ilikuwa ukutani juu ya pipa la bia, imesinyaa kama tumbo la mgonjwa, na chini yake kibao: Kumbukumbu ya Siku Zetu. Akapanda kiti akapapasa. Msumari wa paa ulikuwa umepita turubai na raba mpaka kwenye ubao, na raba kuukuu imechanika hadi kwenye mshono. Si kitu cha kutia kiraka.

"Pole, Wendell," alisema Ruddock. "Hakuna aliyefikiria kwamba ina upepo."

"Miaka yote mmeniona nikiipuliza. Mlidhani napiga tarumbeta?"

Ruddock akaitazama sahani yake. Akasema, kwa upole uliomuudhi Sobotka kuliko matusi, kwamba makubaliano ni makubaliano: imeharibika, kwa hiyo Jumamosi atavaa ndogo kama wenzake.

Sobotka akauliza ukumbi mzima swali moja. Watu wakaendelea kutafuna, watu aliowaamulia michezo tangu wakiwa watoto. Arlene akamshika mkono wakaondoka bila kula.

Jumamosi alivaa ile ndogo, na begani, chini ya koti, akapachika bunda la magazeti. Kama ilivyo desturi ya waamuzi, alipoinama kufagia kile kibao cha ardhini ambacho mpigaji husimama kando yake, aliupa uwanja mgongo, uso ukielekea kwa watazamaji. Kamati yote ilikaa mstari wa mbele. Kila mchezo, mpaka alipoiacha kazi, akiwa ameinama hivyo na brashi mkononi, aliwauliza bila kupaza sauti:

"Nani aligongelea ule msumari?"